Bizimu ya Mke wa Waziri

Niliipeleka mjini ndani ya kopo la majani ya chai,
imefungwa kwenye soksi ya marehemu mjomba Endel:
bizimu pana kama kisahani,
iliyobinuka katikati kama titi la mzazi.
Theluji ya Tallinn ilikuwa imekwisha kuwa tope
na kodi ya nyumba ilikuwa imepita siku tisa.

Nilimwonyesha Bwana Kiisk na picha ya gazeti:
Bibi Hilja kwenye dansi ya Ikulu, glavu hadi viwikoni,
babu pembeni, waziri wa reli, shingo imekabwa na kola,
na kifuani pa bibi duara jeupe
ambapo taa ya mpiga picha iliunguza karatasi.
"Vitu vya familia za wakubwa," akasema, akifuta mikono,
"siku hizi vina wateja. Watu hununua kifua, si pambo."

Akavaa kioo chake cha jicho moja.
Akapima. Akapima tena.
Akaigeuza kifudifudi, kama mkunga.
"Si fedha," akasema.
Wala haitakuletea fedha: hilo hakulisema, alilikohoa.
Akanipa kioo nijionee.
Kwa ndani, chini ya alama za kugongwa,
herufi za Kirusi zilizofifia, nusu ya neno,
na kichwa cha ng'ombe chenye pembe moja.
Kopo la nyama.
Bibi yangu alivaa kopo la nyama.

Wahenga walituonya juu ya ving'aavyo.
Juu ya kisichong'aa, kimya.

Mama alikuwa jikoni, ghorofa ya saba, akimenya viazi,
ganda moja refu lisilokatika.
Sikuvua hata viatu.
"Ile ya kweli tuliila," alisema.
"Majira ya baridi ya pili, kando ya mto Vasyugan.
Gunia moja na nusu. Vingine vilikuwa vimeharibiwa na barafu.
Mke wa kamanda hakuwa mtu mbaya, aliongeza kitunguu."

Na hii?

Akanieleza kwa vipande, kati ya kiazi na kiazi.
Bizimu ilikuwa kwanza ya mama mkwe, bibi kizee Leena.
Aliolewa nayo, akamvisha Hilja siku mwanawe alipoapishwa.
Mwanawe walimpandisha behewa jingine.
Reli zote zile alizijua kwa majina.
Macho ya kizee yaliishia kwenye moshi wa kibanda,
na kila usiku kabla ya kulala alinyoosha mkono:
"Lete niiguse."

Basi Hilja, mwenye vidole vya piano,
akaomba kopo kwa mlinzi, akaomba msumari,
akagonga kwa jiwe siku tatu nyuma ya bafu,
kila ua, kila duara, kwa kukumbuka tu,
akihofu atakosea idadi ya petali.
Siku hizo tatu alimwambia mkwewe
kwamba ameificha, kuna upekuzi.

Usiku wa nne kizee aliishika muda mrefu.
Kidole gumba kikazunguka ukingo, kikarudi kilikotoka.
"Imekuwa nyepesi."
"Sote tumekonda, mama."
Kizee akacheka, mara ya kwanza tangu behewani,
akairudisha, akajifunika.
Hakuiomba tena.
Mama alikuwa na miaka minane, amelala katikati yao,
na hadi leo hajui kicheko kile kilikuwa cha nini.

Fomu ya makumbusho ingali mezani.
Madini: pengo. Thamani: pengo.
Nimeandika tu "Leena", pembeni, mahali pasipotakiwa chochote.

Jana nilichukua siki na kitambaa niisugue.
Mama akaninyang'anya.
"Itashika kutu! Fedha hujitunza yenyewe, hata kaburini.
Bati hutaka mtu."
Akaipaka mafuta ya alizeti kwa ncha ya aproni,
akaitia kwenye soksi, soksi kwenye kopo,
kisha akanisogezea kisu na viazi vilivyobaki
akauliza kodi ni ya shilingi ngapi.